Mvua ya Februari ya Don Eliécer

Mpaka alipofikisha miaka sitini na tisa, Eliécer Chaverri hakuwahi kumwambia mtu hapana. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa miti tu, nami nimeishi upande wa pili wa ua huo miaka arobaini, nikisikia kila kitu na kukasirika karibu kila siku.

Sisi wa San Pánfilo, huku juu ubavuni mwa volkano ya Barva, sote tunapenda kuonekana watu wema. Ukialikwa mahali usikotaka kwenda unasema, "Ndiyo, Mungu akipenda," halafu huendi, na hakuna anayenuna. Eliécer alikuwa anasema ndiyo, halafu anakwenda. Ana watoto wa ubatizo kumi na wanne, na wengine wazazi wao hawajui hata jina lake la ukoo. Krismasi moja alikula tamale, ule unga wa mahindi tunaouchemsha ndani ya majani ya mgomba, katika nyumba saba mpaka tukamkimbiza zahanati, na kule nako muuguzi alipomkaribisha tamale ya nane akaipokea. Alikamua ng'ombe wa watu tangu akiwa na miaka tisa. Akaoa akiwa na ishirini na mbili, kwa kuwa Haydée alimuuliza kama atamuoa naye akajibu alivyozoea kujibu. Ndoa ilikuwa nzuri, sina budi kukiri, mpaka marehemu Haydée alipotuacha.

Watalii wakimuuliza njia ya maporomoko ya maji anawaelekeza vizuri kabisa, kwa mkono wote. Hatuna maporomoko.

"Wametoka mbali, doña Zeneida," aliniambia nilipomgombeza. "Niwaambie hakuna?"

"Ndiyo! Waambie hakuna!"

"Si vizuri."

Wageni wawili walizunguka vichakani saa nne, wakarudi na matope hadi magotini, wakamshukuru kwa matembezi mazuri. Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Hayo yote ningeyavumilia, kama si barabara. Juu ya kijiji kuna malisho makubwa yanayoitwa La Nubosa, na chini ya malisho hayo inatoka chemchemi yetu, ile ninayoisimamia mimi kama mwenyekiti wa kamati ya maji. Malisho yakanunuliwa na don Fabricio wa mji mkuu, mtu mwenye meno mengi, aliyetaka kujenga humo nyumba arobaini za kifahari, kila moja na shimo lake la maji taka. Gari haliwezi kufika La Nubosa bila kupita kwenye kipande cha ardhi cha Eliécer. Basi don Fabricio akasimamisha gari langoni, akashuka, akasifu hewa ya mlimani, akaomba njia. Mnajua alichojibiwa. Karatasi hazikuwa tayari siku ile, lakini neno lilikwisha kutolewa, na huku kwetu neno lililotolewa langoni ni zito.

Nilikwenda halmashauri nikapiga kelele. Wakanisikiliza kwa upole mkubwa, wakanipa kahawa, wakasema: "Doña Zeneida, tuleteeni ushahidi kwamba mvua inayonyesha La Nubosa ndiyo inayojaza chemchemi yenu. Mkiuleta, hakuna atakayejenga hapo. Msipouleta, hatuna sababu ya kumzuia mtu kwenye ardhi yake." Ndivyo maji ya familia mia mbili na kumi yalivyotundikwa kwenye ushahidi ambao hakuna aliyejua unafananaje.

Aliyejua ni daktari Ileana Cascante wa chuo kikuu. Si daktari wa watu, ni daktari wa maji yaliyo chini ya ardhi, mwanamke mdogo wa umbo mwenye buti za mpira kubwa kuliko miguu yake. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kijiji, tukanywa maji moto ya sukari guru, akatueleza. Mlima wetu, alisema, ni matabaka ya lava yenye nyufa. Mvua inaingia humo na kupotea, na ikitokea tena chini hakuna ajuaye iliingilia wapi. Lakini maji hayasahau. Katika kila tone kuna chembe nzito na chembe nyepesi. Wingu likipanda mlima linaangusha zile nzito kwanza, kwa hiyo mvua ya chini ni nzito kidogo na ya juu ni nyepesi kidogo, na hata ikishinda miaka ndani ya mawe inabaki vilevile.

"Kwa hiyo ukipima chemchemi na ukapima mvua ya kila kimo," akauliza Macho Ugalde, fundi wetu wa mabomba, "utajua ile ya chemchemi ilinyesha wapi?"

"Hasa. Nahitaji watu watano, kila mmoja kwa kimo chake, watakaonikingia mvua mwaka mzima bila kukosea. Kuna mtu kule juu, jirani na malisho?"

Watu wote wakamgeukia Eliécer. Hata hakungoja aulizwe.

Alisimikiwa uani kwake mlingoti wenye faneli juu, mpira mwembamba, na chupa kubwa chini. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: kila mwisho wa mwezi apime kiasi kilichoingia, ajaze kichupa kidogo mpaka shingoni kisibaki na hewa, akifunge, aandike tarehe na mahali. Daktari alimrudia jambo moja mara tatu, nami nilikuwepo.

"Kama haikunyesha, don Eliécer, andika sifuri. Sifuri nayo ni jibu."

"Ndiyo, daktari."

Alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Aliifuta faneli kila asubuhi, akawafukuza ndege, akaizungushia maua ili daktari akija apafurahie. Kwenye mahali aliandika tunavyoelekezana sisi sote: "Kwa Eliécer, mita sabini na tano juu ya palipokuwa na duka la marehemu Tuto." Daktari alituambia kwamba maabara walimpigia simu kuuliza Tuto ni mkoa gani. Mei mpaka Novemba mvua ilimiminika na vichupa vikashuka bondeni kila mwezi. Desemba na Januari upepo ulivusha mgongo wa mlima ile mvua nyembamba inayolowesha kope tu, na hiyo nayo aliikinga yote. Kisha ikaja Februari, jua kali na vumbi, na mwisho wa mwezi chupa ya Eliécer ilikuwa kavu kabisa.

Daktari alikuwa anakuja Ijumaa, na safari hii alikuwa analeta wageni wawili, maprofesa kutoka nchi nyingine.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa naanika nguo nikamwona Eliécer, kupitia ua, akitoka chemchemini na jagi. Maji ya bomba lake hakuyagusa. Yale yana klorini ninayoitia mimi, naye aliona hayamfai daktari. Akajaza kichupa taratibu mpaka shingoni, kama alivyofundishwa. Akafuta pembeni kwa leso. Nikajiambia anakiosha. Nilijiambia hivyo kwa nguvu kabisa, nikaendelea na nguo zangu. Machi haikunyesha pia, na mwisho wa Machi nilikuwa na nguo nyingine za kuanika.

Mwezi wa Juni daktari alirudi ukumbini na michoro, uso unang'aa.

"Kuna jambo sikulitegemea," alisema. "Februari na Machi, vituo vingine vinne vimeandika sifuri. Kwa don Eliécer peke yake ilinyesha. Na mvua hiyo, ndugu zangu, na maji ya chemchemi yenu, ni mapacha. Siwezi kuyatofautisha! Nadhani kuna wingu dogo la kiangazi linalovuka mgongo wa mlima na kuangukia La Nubosa tu, na lenyewe ndilo linalojaza chemchemi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Daktari alitaka maji ya vile vichupa yapimwe pia chumvi za mawe, ambazo mvua haina, lakini yote yalikuwa yameishia kwenye kipimo cha kwanza, na halmashauri walikuwa wameshapanga siku ya kusikiliza shauri. Eliécer alikaa nyuma, kofia mapajani, akitabasamu kwa taabu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilijua. Nilijua tangu neno "mapacha" lilipotoka mdomoni mwake, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa sababu ushahidi ulikuwa umepatikana na ulikuwa upande wetu.

Katika wiki zile wingu la don Eliécer lilipata jamaa wengi. Rosalba wa duka la mikate alikumbuka kwamba Februari alianua nguo mbio. Fundi Macho alikumbuka aliteleza. Padri, ambaye Februari nzima alikuwa likizoni ufukweni, alilitaja wingu mahubirini. Gazeti dogo la wilaya lilikuja kumpiga picha Eliécer kando ya mlingoti wake, wakamwomba aangalie juu kama anayeliona wingu, naye akaangalia. Hakuna aliyesema uongo, mnielewe. Kila mtu alikuwa anamsaidia mwenzake tu.

Siku ya shauri, palepale ukumbini kwetu, don Fabricio alikuja na wakili kijana wa viatu vyeupe, ambavyo kufika mlangoni vilikuwa vimeshabadilika rangi. Wakili akamwita Eliécer mbele.

"Don Eliécer, Februari ilinyesha kwako?"

"Ndiyo, wakili."

"Vituo vinne vyote vinasema haikunyesha hata tone. Je, si kweli kwamba hata kwako haikunyesha?"

"Ndiyo. Inawezekana."

"Samahani. Ilinyesha, au haikunyesha?"

"Ndiyo," alisema Eliécer, kwa heshima zote.

Watu wakacheka. Wakili akageuka huku na huku, akauliza tena kwa maneno mengine, akapata ndiyo mbili zaidi, kila moja ikimpinga mwenzake. Ofisa wa halmashauri aliacha kuandika. Nikaona tunashinda. Mtu asiyeweza kusema hapana ni shahidi asiyevunjika, nilijisemea, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini nikamshukuru Mungu kwa tabia ya jirani yangu.

Ndipo daktari Ileana aliposimama. Alikuwa amekasirika, masikio yalimwiva.

"Wakili, naomba umwache mzee. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na sijapata mkinga mvua kama huyu. Kama kuna mwenye shaka, basi aninukuu: naweka jina langu na kazi yangu juu ya vichupa vya don Eliécer."

Eliécer akainuka. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi.

"Daktari, usiweke."

"Nisiweke nini, don Eliécer?"

"Jina. Usiliweke hapo, binti yangu."

Daktari akamtazama, na nadhani alianza kuelewa kabla hajauliza.

"Februari ilinyesha?"

Alifungua mdomo. Mdomo wote ulijipanga kwa lile neno la siku zote, tuliuona ukijipanga. Kisha ukajipanga upya.

"Hapana," alisema.

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni.

"Machi?"

"Hapana."

"Na yale maji?"

"Ya chemchemi. Nilichota mwenyewe asubuhi na mapema, yalikuwa masafi sana."

"Lakini kwa nini?"

"Ulikuwa umepanda barabara ile yote mbaya," Eliécer alisema, na macho yakamjaa machozi, "na maprofesa wako. Nikupe chupa tupu?"

Daktari alikaa chini akajifunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Rosalba akaangalia dari. Fundi Macho akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na hasira, hasira tupu, nilitamani kumrushia kiti: miaka sitini na tisa anasema ndiyo kwa kila mwendawazimu anayepita langoni, na siku hii moja, siku hii ya maji yetu, ndiyo aliyoichagua kujifunza!

Ofisa akaufuta ushahidi wa kituo cha juu. Daktari, kwa sauti ya mafua, akaomba mwaka mmoja zaidi. Ofisa akasema anasikitika, faili litaendelea. Mwombaji akikamilisha karatasi ndani ya siku thelathini, kibali kitatoka. Ilikuwa imebaki karatasi moja tu, ya njia.

Don Fabricio hakungoja siku thelathini. Hakungoja hata tutoke ukumbini. Alikuja na karatasi na kalamu, akamkumbatia Eliécer mbele ya watu wote.

"Mzee wangu! Mtu mkweli kama wewe hapatikani tena nchi hii. Nimeguswa, nakuambia kweli. Sasa tumalize kale kajambo ketu ka barabara. Si ulinipa neno lako?"

"Ndiyo, nilikupa."

Nikafumba macho.

"Basi saini hapa."

"Hapana," alisema Eliécer.

Nikafumbua. Don Fabricio alikuwa bado anatabasamu, meno yote nje, kwa kuwa habari ilikuwa haijamfikia.

"Hapana nini?"

"Hapana, haitapita barabara." Hii ya sasa ilitoka nene zaidi. Aliisema akiitazama kofia, kisha akainua uso akaisema tena, na mara hii nadhani aliionea utamu. "Hapana, don Fabricio."

"Lakini uliniambia ndiyo! Langoni kwako! Mbele ya dereva wangu!"

"Nilikuwa namwambia kila mtu," alisema Eliécer. "Nisamehe."

Don Fabricio alitafuta njia nyingine, lakini upande mmoja ni korongo na upande wa pili ni msitu wa taifa. Siku thelathini zikapita, zikapita nyingine thelathini, na daktari akapata mwaka wake.

Kijiji kilimnunia Eliécer kwa majuma mawili, kisha kikamsifu kana kwamba njama yote ilikuwa ya kijiji. Mimi sikumnunia wala kumsifu. Nilikuwa na jambo limenikaa kooni, na Jumapili moja nikalisema kupitia ua.

"Don Eliécer. Ile asubuhi ya Februari, na jagi. Nilikuona."

"Najua," alisema. "Nilikupungia mkono."

Nikang'oa jani moja la ua.

"Nawe ukanipungia," aliongeza, bila ubaya wowote, akaendelea kumwagilia maua ya mlingoti.

Daktari hakuondoa kituo chake kule juu, jambo ambalo sikulitegemea. Ila aliongeza mstari kwenye karatasi: shahidi, yaani mtu wa pili aliyeona kwa macho yake chupa ikifunguliwa, atie saini. Eliécer alinitaja mimi. Nilitaka kukataa, nikashindwa. Ugonjwa ule wa ndiyo kumbe sikuwa nimeuangalia tu kupitia ua, ulikuwa umeniambukiza. Mwaka ulipokwisha, matokeo yalisema kwamba mvua ya La Nubosa na chemchemi yetu si mapacha, ni binamu: sehemu kubwa ya maji yetu inaingilia msituni juu zaidi, na sehemu isiyo ndogo inaingilia malishoni. Binamu waliwatosha halmashauri. Malisho yameandikwa ardhi ya kulindwa, na mabango yamewekwa, yameandikwa vibaya.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ninayoikumbuka mimi ni Ijumaa ya mwisho ya Februari ya mwaka ule wa pili. Jua kali, vumbi, daktari amepanda na watu wanne nyuma yake. Eliécer alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa ameiosha chupa tuliyoifungua pamoja asubuhi ile na kuikuta kavu, ameikausha, ameifunga kifuniko na kubandika karatasi ya Tuto, na akamkabidhi daktari kwa mikono miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye meza isiyo na chakula.

"Hamna kitu, daktari," alisema. "Nakuomba radhi."

Daktari aliipokea chupa ile tupu, akaiinua kwenye jua akaitazama pande zote, akamshukuru. Akaandika sifuri, akanisogezea karatasi na kalamu. Nikasoma mstari wangu mara mbili, nikatia saini.